Ukimya wangu ukweni unaitwa maringo: je, nina ugonjwa?

*"Nina umri wa miaka 29, ni mhasibu, na nimeolewa miaka mitano sasa. Nilikulia Njombe, tukiwa watoto wawili tu kwa baba mwalimu, katika nyumba ambayo baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku kila mtu alichukua kitabu chake. Mume wangu ni kitindamimba wa watoto tisa, na ukweni kwangu, Mbagala, haipiti wiki bila shughuli: kikao cha harusi, kicheni pati, kipaimara, msiba, arobaini. Nawapenda, nasema kweli, lakini baada ya saa mbili ukumbini kichwa hujaa, maneno hunikauka, na kesho yake sina nguvu hata ya kupika. Mwezi uliopita, kwenye sendofu ya wifi yangu mdogo, nilitoka nikakaa ndani ya gari dakika arobaini, taa nimezima. Walinitafuta. Wifi mkubwa akasema mbele ya watu kwamba ninajisikia kwa sababu nimesoma. Mama mkwe hakusema neno. Kazini ninawasilisha hesabu mbele ya bodi bila shida, lakini mshereheshaji akinisogelea na kipaza sauti, moyo hunidunda mpaka mikono inatetemeka. Desemba shemeji yangu anaoa, na kamati imeniandika nizungumze kwa niaba ya wake wa familia. Rafiki yangu mmoja ananishauri ninywe glasi mbili za mvinyo kwanza, mwingine ameniletea vidonge vya kutuliza moyo. Na binti yetu wa miaka minne ameanza kujificha nyuma ya gauni langu. Je, huu ni ugonjwa? Nimemwambukiza mtoto? Nifanye nini?"*

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na nianze na jibu unalolisubiri: kuchoka huko si ugonjwa, na mtoto hujamwambukiza kitu. Uchovu unaoueleza ni wa kweli, una sababu zake, na wengi wanaokaa ukumbini wakitabasamu wanao pia, ila hawajapata jina la kuuita. Hata hivyo, barua yako imefunga mambo mawili katika pindo moja la kanga. Kuna kuchoka na watu, na kuna kuwaogopa watu. Kwa nje yanafanana, kwa kuwa yote mawili humtoa mtu ukumbini, lakini chanzo cha moja si chanzo cha jingine, na anayetibu la kwanza kwa dawa ya la pili hujiumiza bure. Nitalifungua fundo hilo taratibu kabla hatujafika Desemba.

Mtu wa tabia kama yako wanasaikolojia humwita introvati, jina ambalo daktari wa Uswisi, Carl Jung, alilieneza mwaka 1921 pamoja na kinyume chake, ekstrovati. Maana yake ni nyepesi kuliko jina lenyewe: ni mtu ambaye nguvu zake hurudi akiwa peke yake au na wachache aliowazoea, na ambaye mkusanyiko mkubwa humgharimu hata pale anapoufurahia. Watafiti wa leo hawawagawi watu katika makundi mawili kama timu za mpira. Wanaichukulia tabia hii kama kimo: wapo warefu sana, wapo wafupi sana, na walio wengi wako katikati. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban nusu ya tofauti zilizopo kati ya watu katika jambo hili inatokana na urithi, na iliyobaki inatokana na maisha waliyopitia. Baba yako, kwa hiyo, huenda alikupa vyote viwili, damu yake na ile nyumba ya vitabu baada ya taarifa ya habari. Ukaolewa katika nyumba ambayo, kwa watoto tisa, asiyepaza sauti huenda alikosa kipande cha nyama. Hakuna nyumba iliyokosea hapo.

Sasa hili la maringo, ambalo naona ndilo lililokuuma zaidi. Tazama jinsi lugha yetu inavyoupima ukimya kwa mizani miwili. Msichana asiyesema sana, akiwa bado kwao, husifiwa: ni mpole, ni mtulivu, hana makuu. Akishaolewa, ukimya uleule hupewa majina mengine: anajisikia, ana dharau, na wazee huongezea kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Yeye hajabadilika, wamebadilika wanaomsoma. Kwenu walikujua tangu unatambaa, na ukimya wako ulikuwa na maelezo. Ukweni, ukimya wa mgeni ni ukurasa mtupu, na kila mtu huandika juu yake kile anachokihofia yeye. Wifi yako mkubwa, inawezekana, anahofia kwamba elimu yako na mshahara wako vitamtenga kaka yake na wao. Alichokisema mbele ya watu kilikuwa kibaya, sitakitetea, lakini nakiona kama swali la mtu anayehofia kuachwa, na swali la namna hiyo hujibika. Nitalirudia jibu lake mbele kidogo.

Je, ni kitu gani hasa kinachokuchosha? Kwa miaka mingi maelezo yaliyotawala yalikuwa ya mwanasaikolojia wa Uingereza, Hans Eysenck, ambaye mwaka 1967 alieleza kwamba ubongo wa introvati tayari uko macho zaidi hata kabla ya kuchochewa, hivyo kelele na pilika kidogo tu humtosha. Kulikuwa hata na jaribio maarufu la matone ya limau kwenye ulimi, ambapo introvati, kwa wastani, walitoa mate mengi zaidi. Nadharia hiyo haikusimama yote. Kilichobaki imara zaidi ni kwamba watu hawa huitikia kwa nguvu zaidi vichocheo vinavyowajia, kuliko kwamba wako macho saa zote. Maelezo mengine, ambayo mimi nayaona yana uzito zaidi, yanahusu thawabu. Ubongo una mfumo unaotusukuma kuyafuata mambo yenye malipo, na kemikali iitwayo dopamini ina kazi kubwa humo. Kwa ekstrovati, ukumbi uliojaa, muziki, macho ya watu na vicheko ni malipo makubwa, na malipo hayo humrudishia kile anachotumia. Kwako malipo yapo, lakini ni madogo, ilhali gharama ni ileile. Mfanyabiashara anayeuza kwa bei ya kununulia haichukii biashara, hachumi tu.

Na gharama yenyewe si ndogo. Fikiria kazi unayoifanya ukumbini ndani ya dakika tano. Spika zinavuma, nawe unachuja sauti ya mtu mmoja kutoka kwa sauti mia mbili. Anakuja mama mwenye kitenge cha zambarau anayekujua jina, na wewe unatafuta haraka: huyu ni shangazi wa Kibaha au ni yule mama mdogo wa Mlandizi, na je, nimpe shikamoo au tuko rika? Huku unajibu salamu, jicho moja liko kwa mtoto, jingine kwa mshereheshaji asije upande wako. Unatabasamu pale unapopaswa kutabasamu. Mbele ya bodi, kinyume chake, anazungumza mtu mmoja kwa wakati, ajenda inajulikana, nafasi yako ina jina, na hesabu umeziandaa usiku uliopita. Ndiyo maana unaweza kimoja na kingine kinakuangusha. Tatizo si watu wala si kuongea. Ni kuongea kusikokuwa na mpaka, mbele ya watu wengi, bila kujua utamaliza saa ngapi.

Nikuongezee jambo litakalokutoa upwekeni. Watafiti wa Helsinki, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2017, waliwafuatilia wanafunzi kwa siku kumi na mbili, wakiwauliza mara kadhaa kwa siku walichokuwa wanakifanya na jinsi walivyojisikia. Waliokuwa wachangamfu walikuwa na furaha wakati ule, lakini saa tatu hivi baadaye walikuwa wamechoka zaidi. Na hali hiyo haikuwa ya wakimya peke yao. Iliwapata hata wachangamfu kwa asili. Wifi yako naye, akifika nyumbani, huenda hulala na viatu. Tofauti ni kwamba yeye huuita uchovu huo utamu wa shughuli, na wewe unauita kasoro yako.

Hayo ndiyo ya kuchoka. Sasa tuje kwenye moyo unaodunda kipaza sauti kinapokaribia, ambako ni kuogopa. Hapo mwili unatoa adrenalini kana kwamba mbele yako yuko chui: mapigo hupanda, mikono hutetemeka, kinywa hukauka. Wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walieleza mwaka 1995 jinsi hofu hii inavyojilisha yenyewe. Mwenye hofu huacha kuwatazama watu, akajitazama yeye kwa ndani: mkono unatetemeka, sauti inakwaruza, lazima wote wanaona. Picha hiyo aliyoichora mwenyewe anaidhania kuwa ndiyo wanayoiona wao. Kisha hufanya vitu vya kujikinga, kama kuinamia simu, kushika mkoba kifuani, kukaa nyuma ya nguzo, na vitu hivyo humnyima nafasi ya kugundua kwamba asipovifanya hakuna baya linalotokea. Simu, hasa, ina hasara ya pili: wewe unajificha ndani yake, na mtu wa meza ya jirani anaona dharau.

Nakuomba, kwa hiyo, ulirudie lile gari katika kumbukumbu zako na ujiulize kwa unyoofu: ulikuwa unapumzika, au ulikuwa unajificha? Anayepumzika huanza kwa masikio kutulia, pumzi ikashuka, na baada ya dakika kumi na tano hivi akaweza kuwaza jambo jingine, labda hata akatamani kipande cha keki. Anayejificha hukaa gizani akirudia yaliyosemwa na kubuni yanayosemwa, na kila dakika inayopita hufanya mlango wa kurudi uwe mzito zaidi. Dakika arobaini zinanifanya nidhani kwamba uliingia garini ukiwa wa kwanza na ukatoka ukiwa wa pili. Hilo hutokea sana, na ndiyo sababu mapumziko yanahitaji kikomo.

Kuhusu yale uliyoyabuni gizani, yapo majaribio mawili yanayostahili kukupa moyo. La kwanza lilifanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2000: wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki ambayo kuivaa ni aibu, wakaingizwa katika chumba chenye wenzao. Walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wangemtambua mtu yule kifuani. Waliomtambua walikuwa karibu robo tu. La pili, la mwaka 2018, lilionyesha kwamba watu wawili wasiojuana wakimaliza kuzungumza, kila mmoja hudhani amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kweli. Macho yaliyo juu yetu ni machache kuliko tunavyohesabu, na ni mema kuliko tunavyohofu.

Marafiki zako wamekushauri kwa upendo, lakini ushauri wao siwezi kuuacha upite. Mvinyo hupunguza hofu kwa muda, ni kweli, na hapo ndipo mtego ulipo: ukizungumza vizuri baada ya glasi mbili, ubongo hautajifunza kwamba uliweza, utajifunza kwamba mvinyo uliweza. Shughuli ijayo utazihitaji mbili zilezile, baadaye tatu. Tena pombe ikiisha mwilini, wasiwasi huelekea kurudi ukiwa mkali zaidi asubuhi yake. Nimewaona wanawake na wanaume wenye heshima zao walioanza kunywa hivyohivyo, kwa ajili ya harusi tu.

Vidonge ni jambo zito zaidi, kwa sababu hukuniambia ni vipi. Ikiwa ni propranololi, hiyo huzuia adrenalini isiuharakishe moyo na isitetemeshe mikono, na wapo madaktari wanaoitoa kwa mtu mwenye tukio moja la kuzungumza hadharani. Lakini kwa mwenye pumu inaweza kumbana kifua kwa hatari. Kwa mwenye mapigo ya polepole au shinikizo la chini inaweza kumwangusha. Na kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini inaweza kumfichia dalili za sukari kushuka. Ikiwa ni diazepamu au jamaa zake, hizo huleta usingizi na mazoea, na zikikutana na mvinyo wa yule rafiki mwingine zinaweza kupunguza pumzi hadi kuhatarisha uhai. Usimeze kidonge cha mtu. Kipeleke kwa daktari au mfamasia, mwambie maradhi uliyonayo na dawa unazotumia, na kama unanyonyesha au unahisi una ujauzito useme pia.

Zimebaki njia mbili ambazo watu huzijaribu wenyewe. Moja ni kujilazimisha kuwa kama wao. Hii ina faida zaidi ya watu wa aina yetu wanavyokubali: tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba mtu mkimya akichangamka kwa muda mfupi hujisikia vizuri kuliko alivyotabiri, kwa hiyo usiiamini sana ile sauti inayokuambia kabla ya kutoka nyumbani kwamba leo itakuwa mateso. Lakini muda ukirefuka hesabu hubadilika. Katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2019, watu waliombwa wajitahidi kuwa wachangamfu wiki nzima, na wale waliokuwa wakimya zaidi kwa asili hawakuvuna faida waliyovuna wengine. Walichoka, na wakajiona wanaigiza. Njia ya pili ni kukwepa, na kwetu kukwepa kuna bei ambayo vitabu vya ughaibuni havikuihesabu. Huko, asiyekwenda kwenye sherehe hukosa sherehe. Hapa, asiyeonekana msibani anakumbukwa miaka kumi, na yeye akifiwa, viti vya plastiki vitakuwa vingi kuliko watu. Tena kila unapokwepa kwa hofu, nafuu ya siku ile huifundisha hofu kwamba ilikuwa na haki. Sikushauri kukwepa.

Kuna jambo la tatu, na nimelijifunza mkekani. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye msiba katika familia kubwa huko Morogoro, na mke wa mmoja wa watoto wa marehemu alikuwa mkimya kiasi kwamba sikumsikia akitoa sentensi ndefu siku zote tatu. Lakini kila chakula kilipoiva, yeye ndiye aliyenawisha. Alibeba jagi la maji ya uvuguvugu mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani, akapita kwa kila mtu kuanzia wazee. Aliinama kidogo, akasema "karibu unawe, baba," maji yakatiririka, mzee akasugua vidole, akajibu "ahsante mwanangu, pole na msiba," naye akasogea kwa anayefuata. Kila mmoja alipata uso wake kwa nusu dakika, sentensi mbili, na maji. Kufikia siku ya kuanua matanga hapakuwa na mtu katika ukoo ule asiyemjua, na hapakuwa na aliyemwita mwenye maringo. Wachangamfu waliokaa mahali pamoja wakipiga soga hawakuwa wamekutana na nusu ya watu aliokutana nao yeye.

Nimelitafakari tukio lile mara nyingi katika kazi yangu. Shughuli zetu, tofauti na tunavyodhani, hazidai maneno mengi. Zinadai uonekane, usalimu, na ushike kitu. Mchangamfu hutimiza hayo kwa mdomo, nawe unaweza kuyatimiza kwa mikono, mradi uchague kazi inayokupitisha mbele ya watu, isiwe inayokuficha. Kukaa jikoni nyuma ya sufuria kutwa nzima ni gari jingine hilo, lenye moshi. Kunawisha, kugawa soda, kuandikisha wageni na michango mlangoni (wewe mhasibu, nani atakushinda?), kumpeleka bibi msalani na kumrudisha kitini: hizo ni kazi zenye mwanzo, mwisho na sentensi zilizo tayari. Zinaufanya ukumbi ufanane na bodi.

Salamu ndizo zitakazomjibu wifi yako. Fika mapema, kabla ukumbi haujajaa na spika hazijafunguliwa, kisha zunguka usalimu mmoja mmoja, mkono kwa mkono, ukianza na mama mkwe na kufuata wakubwa. Usiishie kwenye shikamoo. Uliza jambo moja la kweli, goti la mama linaendeleaje, mtoto alifaulu mtihani. Nusu saa ya salamu kamili mwanzoni hununua saa mbili za ukimya baadaye, kwa sababu aliyesalimiwa vizuri halioni pengo unaponyamaza. Mkimya akichelewa na kuteleza kwenye kiti cha nyuma, hata angekuwa na moyo wa malaika, ameshahukumiwa.

Baada ya hapo, pumzika kwa ruhusa. Kosa la siku ile, kama lilikuwapo, halikuwa kutoka. Lilikuwa kutoka bila kuaga. Mwegemee mama mkwe sikioni: "Mama, kichwa kimechoka na muziki, naomba nikapumzike kidogo, nitarudi kabla ya keki." Kisha weka saa, dakika kumi na tano au ishirini, tembea nje badala ya kukaa gizani, acha simu mkobani, na urudi saa uliyosema. Ukishafanya hivyo mara tatu au nne itakuwa desturi yako inayojulikana, kama mwingine anavyojulikana kwa kutokunywa soda. Mapumziko mengine hayahitaji kutoka: kaa kwa bibi. Katika kila shughuli yuko mzee mmoja ambaye vijana wamemsalimu na kumpita, anayetamani msikilizaji mmoja asiye na haraka. Hapo ukimya wako utapokewa kama zawadi. Na kesho yake usiipangie kazi; kama shughuli ni Jumamosi, Jumapili mchana iwe yako, mumeo ashike mtoto na jiko.

Mumeo hukumtaja sana, nami naona ana kazi mbili ambazo si zako. Ya kwanza ni kukueleza kwa ndugu zake, kwa maneno yake, siku ya kawaida isiyo na shughuli: mke wangu hupenda kuwa nanyi, lakini kelele humchosha, akitoka nje anarudi. Neno la kaka yao litamfikia wifi mkubwa mahali ambapo la kwako halitafika. Ya pili ni kutokugeuza uchovu wako kuwa utani mbele ya watu, hata kwa nia njema. Mama mkwe mwendee wewe mwenyewe, peke yako, na kitu mkononi, hata mkungu mdogo wa ndizi. Ukimya wake siku ile unaweza kuwa na maana nyingi, na mojawapo ni kwamba hakufurahishwa na alichokisema binti yake. Mwambie ulikulia nyumba ya kimya na bado unajifunza nyumba ya watu tisa. Kina mama wa rika lake wanaelewa kujifunza nyumba ya watu. Wao pia waliolewa.

Mtoto wa miaka minne anayejificha nyuma ya gauni mbele ya watu wazima ishirini anafanya jambo la umri wake. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwafuatilia watoto tangu umri wa miezi minne, akakuta kwamba takriban mmoja kati ya watano alishtuka na kurusha mikono na miguu kwa nguvu alipoonyeshwa vitu vigeni. Wengi wa hao walikuwa waangalifu zaidi walipoanza kutembea, lakini wachache tu walibaki na woga uliokithiri walipokua. Hali hiyo hairithishwi kwa kugusana gauni. Kinachoweza kumdhuru ni kusukumwa katikati ya ukumbi aimbe, au kusikia kila mara "huyu ana aibu kama mama yake," kwa maana mtoto huvaa jina analoitwa. Fika naye mapema, mtambulishe kwa mtu mmoja mmoja, mwache asalimie kwa mkono kabla ya sauti, na jibu la wanaomcheka liwe: "Anawatazama kwanza."

Kuna hali ambazo barua haitoshi. Ikiwa hofu huanza siku kadhaa kabla ya tukio, imedumu miezi sita au zaidi, na imeanza kukuzuia mambo ya lazima, kama kula mbele ya watu, kuhudhuria kliniki, kudai haki yako kazini au kwenda msibani, hiyo inaweza kuwa hofu ya kijamii ya kiwango cha ugonjwa, na inatibika. Tiba yenye ushahidi mkubwa ni ile ya mazungumzo inayorekebisha mawazo na mwenendo kwa hatua, na wapo wanaohitaji pia dawa zilizoandikwa na daktari. Jambo jingine ni kama hutaki tena hata wale wachache unaowapenda, usingizi na hamu ya kula vimeharibika, na kwa zaidi ya wiki mbili hakuna kinachokufurahisha hata ukiwa peke yako nyumbani; hapo tunafikiria sonona, si tabia ya ukimya. Kwa Dar es Salaam iko idara ya magonjwa ya akili Muhimbili, Dodoma iko Mirembe, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili. Na mawazo ya kutotaka kuishi yakikujia, nenda siku hiyohiyo, pamoja na mtu. Kwa ulichoniandikia, wewe sikuoni hapo. Mtu anayewasilisha mbele ya bodi ana hofu ya kona moja tu, na kona moja inafanyiwa kazi.

Kwa hiyo usilifute jina lako kwenye orodha ya Desemba. Ulipunguze tu hadi lifanane na nguvu zako. Mpigie mwenyekiti wa kamati wiki hii, uombe mambo mawili: nafasi yako iwe mapema katika ratiba, kabla ya chakula, usije ukakaa saa tatu ukiisubiri, na mshereheshaji aelezwe kwamba utaitwa mara moja kwa wakati huo, asikushtukize mezani kwa kipaza sauti wala kukutaka ucheze peke yako. Washereheshaji wazuri hulipokea ombi hilo bila swali. Andaa sentensi tatu: ya kuwashukuru wazazi, ya kumkaribisha bibi harusi kati yenu wake wa familia, na ya kukabidhi zawadi. Zisome kwa sauti mbele ya mumeo, wiki inayofuata mbele ya mumeo na rafiki mmoja, kisha simama na useme neno fupi kwenye kikao cha kamati, ambako watu ni kumi na tano na kelele ni za feni tu. Siku yenyewe panda na wake wengine wawili wa familia wakiwa wameshika zawadi pembeni yako, umtazame bibi harusi, useme naye yeye. Mikono ikitetemeka, iache itetemeke. Kitenge cha zawadi kitaificha. Ukimaliza usikimbilie nje. Kaa kitini dakika kumi, unywe maji, mpaka moyo ushuke ukiwa bado ndani ya ukumbi, ili mwili wako uone kwamba hofu imeisha bila wewe kutoroka. Kisha mwegemee mama, umuage, uende ukapumzike dakika zako ishirini.